Hesabu ya Asubuhi

Jumatatu, 3 Juni

Raia. Siku ya kwanza. Nimeamka saa kumi na moja kamili bila kengele, nikatandika kitanda upande wangu huku mke wangu bado amelala upande wake. Kasema bila kufungua macho: lala, Baba Watoto, hakuna anayekuja kukukagua.

Ijumaa nilikabidhi vifaa. Mtunza stoo alihesabu mpaka soksi. Miaka thelathini na moja ya utumishi, na tulichobishania mwisho kabisa ni chupa moja ya maji ambayo yeye anasema nilipewa na mimi nasema sikupewa. Nikaisaini tu, yaishe.

Daftari ni langu, hili hakuna wa kulidai. Nimeandika kila siku tangu chuo cha maofisa — hata mistari miwili, hata porini. Wenzangu walivuta sigara, mimi niliandika.

Saa mbili kaingia shemeji, mdogo wake mke wangu. Anauza saruji na mabati, na tangu mwezi uliopita ni meneja wangu wa kampeni. Kajiteua mwenyewe. Kaleta faili la plastiki na kalenda. Kura ni Jumapili, 21 Julai. Anasema jimbo zima linanijua tangu mafuriko yale ya miaka kumi na minne iliyopita, nilipokuwa meja nikaongoza askari kuvusha watu mtoni kwa kamba. Bado wananiita Kanali wa Mafuriko. Kasema: shemeji, wewe simama tu, mengine niachie.

Basi. Nagombea ubunge. Nimeliandika ili nizoee kuliona.

Alhamisi, 6 Juni

Mkutano wa kwanza, uwanja wa shule. Tangazo lilisema saa nne. Saa nne nilikuwa jukwaani. Watu: sita, mmoja wao fundi wa vipaza sauti. Nikahutubia. Dakika kumi na mbili, hoja nne, maswali hakuna. Nikashuka, nikamwambia Sajini awashe gari.

Getini tukakutana nao wanaingia! Akina mama na miavuli, wazee na viti vyao, watu wametulia kabisa kama waliowahi. Kumbe saa nne ya tangazo ni saa nne na nusu ya watu. Shemeji alishika kichwa kwa mikono miwili. Sajini alicheka mpaka gari likamzimikia.

Sajini ni mstaafu kama mimi. Nimetumika naye miaka ishirini, sasa ananiendesha. Kwa siku hasemi maneno ishirini, na kumi kati ya hayo ni "ndiyo, afande".

Tulirudi ndani. Hotuba ileile, hoja nne. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alilalamika kwamba hakutoka nyumbani na kuvaa viatu vya kubana kwa ajili ya dakika kumi na mbili.

Jumapili, 9 Juni

Mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo cha kabati. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, hana mchezo. Kasema natabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Tena niache kuwaambia wapiga kura "tekelezeni". Nikamwambia nimeelewa, nitatekeleza. Kacheka peke yake.

Jumatano, 12 Juni

Mitaa mitatu leo. Nimeshikana mikono mpaka kiganja kimevimba. Wananiomba barabara, maji, na mmoja kaniomba nimpatanishe na mkwe wake. Jeshini mtu akileta shida, unajua ya nani. Hapa zote zangu.

Lakini niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia: napenda. Napenda wakinijua. Mzee mmoja kanishika mkono hakuuachia, kasema nilimbeba binti yake mgongoni siku ile ya mafuriko. Sikumkumbuka binti. Nilisema namkumbuka.

Jumanne, 18 Juni

Mabango yametoka. Shemeji kayamwaga sebuleni kama mtu anayetandaza nguo mpya. Uso wangu, kofia ya jeshi (nilikataa, kaweka), na maandishi mekundu:

WALIKWENDA 42. WAKARUDI 42. HAMWACHI MTU NYUMA.

Nikamuuliza kayatoa wapi hayo. Kasema: kwako, shemeji! Nilikuuliza ulikuwa na askari wangapi mtoni, ukasema arobaini na wawili. Nikakuuliza mlirudi salama, ukasema tulirudi.

Kweli nilisema hivyo. Tulikuwa ndani ya gari, nilikuwa nasoma ratiba.

Sajini alikuwa mlangoni na boksi la vipeperushi. Akasoma bango. Akaliweka boksi chini polepole. Akaniuliza: afande, hesabu hii ya nani?

Shemeji kamjibu kabla yangu: ya ushindi, Sajini! Yameshachapwa elfu mbili.

Nami nikanyamaza. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, watu wawili tu chumbani, na nikanyamaza.

Jumatano, 19 Juni

Sijalala vizuri. Bango moja limebandikwa kwenye nguzo mbele ya nyumba. Nikifungua dirisha nakutana na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 29 Juni

Mkutano wa mtaa wa mafundi cherehani. Mtaa mwembamba, vyerehani viko barazani pande zote mbili, sakafu imejaa vipande vya vitambaa. Walisimamisha mashine zote kwa ajili yangu. Ukimya wake ni wa ajabu. Nikaongea vizuri. Nilichekesha mara mbili, mara moja kwa makusudi.

Wakati wa maswali akasimama mama mmoja, mwembamba, wa miaka sitini na kitu, futi ya kupimia shingoni. Duka lake ni la kona. Nyuma yangu mtu akanong'ona: huyo ni Mama Mtoro.

Akasema hivi: mwanangu alikuwa jeshini. Mwaka wa mafuriko wakaniambia katoroka. Sijui kaenda nchi gani. Naona serikali husamehe wafungwa, hata wezi. Wewe ukifika huko juu, utawaombea msamaha watoto waliotoroka? Ili arudi nyumbani. Hatafanya tena.

Watu waliguna kwa huruma. Mimi nikafanya nilichozoea kufanya mbele ya mtu mwenye shida ya askari: nikatoa daftari na kalamu, nikasema, nipe jina lake, namba yake na kikosi.

Akaanza na namba. Aliitaja kwa moyo, bila kusita. Mimi naandika. Tarakimu mbili za mwisho niliziandika kabla hajazitaja.

Kisha akataja jina. Sikulihitaji. Sisi tulimwita Redio.

Watu wakapiga makofi. Hawajawahi kuona mgombea anayeandika shida ya mtu kwa mkono wake! Shemeji alinibana bega garini: ule mkono, shemeji, ile kalamu — umeua! Sajini aliendesha bila kunitazama hata mara moja kwenye kioo.

Jumapili, 30 Juni

Nyumba tupu asubuhi hii, wote wametoka. Niandike.

Redio alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alibeba redio ya mawasiliano, na yenyewe ikinyamaza yeye aliimba. Kwao kulikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku. Aliniomba ruhusa mara mbili akamwangalie mama yake kama maji yamemfikia. Nilimkatalia mara mbili. Hilo sijutii, kazi ilikuwa haijaisha.

Siku ya nne tulivusha watu wa mwisho. Askari wote wakavuka kurudi upande wetu. Jioni, mvua imeanza tena, nikagundua nimesahau mkoba wangu ng'ambo. Ndani yake: ramani na daftari. Ramani nilikuwa na nakala. Nilitaka daftari. Mwezi mzima wa maandishi yangu.

Nikamwambia Redio: rudi ulete mkoba. Hakuuliza kitu. Akajifunga kwenye kamba akaingia. Sheria ya kamba ni wawili wawili, na sheria hiyo niliwafundisha mimi. Wengine walikuwa mahemani wanabadilisha nguo. Niliyemuona karibu ni Sajini tu.

Niliingia hemani kunywa chai. Nilipotoka, kamba ilikuwa imelegea na ndoano aliyojifungia haipo.

Tuliangaza tochi. Mimi na Sajini. Hakuna.

Jeshini siku huanza na hesabu. Kabla ya chai, kabla ya lolote, watu hupangwa mstari na kuhesabiwa, na hesabu huandikwa. Asubuhi ile Sajini alihesabu arobaini na mmoja. Kwenye taarifa niliandika: "Askari mmoja hakuonekana kwenye hesabu ya asubuhi." Hiyo tu. Ni sentensi ya kweli. Nimeitazama miaka kumi na minne na sijaona neno la uongo ndani yake.

Wengine walijua anataka kwenda kwao, wakaamua kaenda. Makao makuu wakangoja siku ishirini na moja, kama kanuni inavyosema, kisha karani akagonga muhuri: mtoro. Sikulisema mimi neno hilo. Sikulizuia pia. Mwaka uliofuata nikapandishwa cheo — kwa ajili ya mafuriko.

Sikujua mama yake alihamia mjini. Sikuuliza.

Jumanne, 2 Julai

Shemeji kapagawa kwa furaha. Swali la mama limeingia redioni, watu wanapiga simu, kila familia ina mtu wake aliyekimbia kitu fulani. Sasa "msamaha kwa watoro" ni ahadi yetu ya kwanza. Mbunge aliyepo kanibeza, kasema wanajeshi hawasameheani. Kwa hilo peke yake kapoteza mtaa mzima wa mafundi.

Kuna mkutano mkubwa Alhamisi ya wiki ijayo, na wa kufunga tarehe 17. Shemeji anamtaka mama jukwaani yote miwili. Tena kamwagizia anishonee koti la kufungia kampeni. Kasema: picha hiyo, shemeji! Mama wa mtoro anamvisha koti kanali!

Nilimwambia Sajini tukiwa peke yetu gereji: unasemaje. Alikuwa anafuta kioo. Akasema: afande, mimi nilihesabu, nikasema arobaini na mmoja. Nilidhani afande atasema aliyebaki. Nimesubiri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mwenyewe miaka yote hiyo. Akasema: nilikuwa sajini.

Akarudi kwenye kioo chake. Kilikuwa safi tangu mwanzo.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepimwa koti.

Duka la kona ni chumba kimoja. Cherehani ya kukanyaga mlangoni, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na ya umeme. Ukutani picha ya Redio na magwanda yake mapya, masikio yamesimama. Nilijua itakuwepo. Hata hivyo ilinishtua.

Akanipima mabega. Akasema: legea, baba. Koti la mtu aliyekakamaa litakubana ukikaa. Nikajaribu. Akasema: hujalegea bado.

Aliongea huku pini ziko midomoni. Polisi wa jeshi walikuja mara mbili mwaka ule, wakafungua majora yote ya vitambaa wakimtafuta mtu mzima ndani. Mtaa wote ukatazama. Muuza vifungo wa duka la pili ndiye aliyemtungia jina, Mama Mtoro, na likashika; leo wateja hulitumia kuelekezana njia. Kasema halimuumi tena. Mtoro ni mtu anayetembea, kasema. Ana miguu.

Mwenye nyumba alitaka kumhamishia jengo jipya, vyumba vizuri, choo ndani. Kakataa. Kijana akirudi atamtafutia wapi? Namba ya simu ni ileile. Alipomaliza kuandika urefu wa mkono wangu akatazama picha, akasema kwa sauti ya kuchokoza: huyu atakuwa na kitambi sasa kama chako.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka naye.

Nilifungua mdomo nimwambie. Akaingia mteja na zipu iliyokatika. Nikaaga.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemwambia mke wangu. Alasiri, alikuwa mezani anasahihisha mitihani. Nilisema yote nimesimama, kama ninavyotoa taarifa. Hakunikatisha. Kalamu nyekundu ilibaki hewani.

Akauliza: daftari ulilipata?

Nikasema hapana.

Akauliza siku iliyofuata niliandikia wapi. Nikasema niliomba karatasi kwa karani. Basi hapo ndipo alipoweka kalamu chini, akafunika uso. Sijui kwa nini ni hapo. Alilia kidogo, akapangusa, akahesabu yaliyobaki, maana ndiyo kazi yake.

Kasema: ukimwambia kabla ya kura, utaanguka. Ukishinda kwanza halafu ukamwambia, utakuwa umempanda mgongoni ukafika ndipo ukashuka. Usipomwambia kabisa, mimi nitajua. Nitakula na wewe meza moja najua.

Nikamwambia: lakini sasa hivi ana mtoto aliye hai. Nikisema, namuua. Hilo ndilo linanishika, si kura tu.

Kasema: na kura je, ni ngapi ndani ya hilo "si kura tu"?

Anajua kugawa mafungu, huyu mwanamke.

Alhamisi, 11 Julai

Mkutano mkubwa. Shemeji anasema elfu nne. Mimi nimehesabu kwa mistari, kama elfu mbili na mia sita. Bado ni wengi.

Mama alipanda jukwaani na gauni la bluu, kajishonea mwenyewe. Hakuhutubia. Alisema tu: huyu baba aliniuliza namba ya mwanangu akaiandika. Miaka kumi na minne hakuna aliyeniuliza namba yake. Akanishika mkono akaunyanyua juu.

Kelele zile! Nimesimama chini ya bendera nyingi na mbele ya majenerali, sijawahi kusikia kitu kama kile. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi, na umeshika wangu kwa nguvu. Nyuma yetu bango: WAKARUDI 42.

Niliona aibu. Siitafutii neno jingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, na watu wakadhani nimeguswa.

Ijumaa, 12 Julai

Mbunge aliyepo kafuta mikutano miwili. Shemeji anaimba sebuleni. Anasema tumeshaingia, bado kuapishwa tu.

Jumapili, 14 Julai

Nimeandika taarifa. Kurasa mbili, kwenda makao makuu, ofisi ya kumbukumbu. Rasimu tano. Nilizoea kuandika "ilionekana vyema" na "amri ilitolewa". Kila nilipoandika hivyo nilifuta, nikaandika nilimtuma. Nilimtuma mimi. Peke yake. Kwa ajili ya daftari.

Sajini ameisoma mara mbili, amesimama. Akasahihisha kitu kimoja: nimeandika saa kumi na mbili kasorobo, yeye anasema ilikuwa kumi na mbili na dakika tano. Hakuangalia popote, alikuwa nayo kichwani. Akasaini kama shahidi, herufi kubwa kubwa.

Akasema: ndiyo, afande. Nikajua maana yake.

Jumatatu, 15 Julai

Barua imepelekwa kwa mkono, nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa. Karani hakuisoma. Alitazama koti langu la zamani akaniuliza kama bado nagombea.

Jumanne, 16 Julai

Nimemwambia shemeji. Mke wangu alikaa katikati yetu, na vizuri alikaa.

Mwanzo hakuelewa. Halafu akaelewa. Akatembea mpaka dirishani, akatazama lile bango la kwenye nguzo. Nilitegemea matusi. Akasema kwa upole kabisa: shemeji, siku tano. Jumapili watu wanapiga kura. Jumatatu asubuhi nakupeleka mwenyewe kwa mama, nitabeba hata kiti chako. Amengoja miaka kumi na minne! Siku tano zitamfanya nini? Na ukiwa mbunge utamsaidia zaidi, utalipigania jina la kijana bungeni, na watakusikia.

Ana akili, shemeji. Hoja zake zote nilishajipa mwenyewe, kwa mpangilio uleule.

Nikamwambia kesho mama atapanda jukwaani kwa mara ya pili. Siwezi kunyanyuliwa ule mkono tena. Nitakwenda asubuhi, dukani kwake, kabla.

Akakaa. Akasema mabango elfu mbili. Akarudia: elfu mbili. Mke wangu akaenda kumletea maji.

Jumatano, 17 Julai

Saa tatu na dakika kumi. Naandika nikiwa dukani kwake, daftari gotini.

Tulifika na Sajini saa tatu kasoro dakika chache. Duka limeshafunguliwa. Koti langu limetundikwa, limekwisha, limepigwa pasi, la kijivu. Akataka nilijaribu. Nikasema: kwanza mama, nimekuja na majibu ya lile swali lako. Habari za kijana.

Kosa langu. Nilipanga kila sentensi isipokuwa hiyo ya kwanza.

Maana alisimamisha mguu kwenye cherehani. Akaweka mkono kifuani. Uso wake — niliwahi kuona uso wa namna hiyo mara moja, ng'ambo ya mto, mama aliyeona mtoto wake anashushwa kwenye kamba. Akasema: umempata! Nikasema: mama, kaa kwanza. Akasema: sikai, hili sitalisikia peke yangu. Na kabla sijasimama keshatoka nje anapiga hodi duka la pili na la tatu. Namsikia. Anamwita muuza vifungo kwa sauti ya juu, anamwambia njoo wewe uliyenipa jina, njoo usikie kwa masikio yako.

Nilimwambia Sajini amzuie. Sajini hajasogea. Kavua kofia.

Simu ya shemeji inalia mfukoni, ya sita. Imenyamaza. Inalia tena.

Mashine za mtaa zinazimwa moja moja. Wanakuja. Nahesabu wanaoingia, siwezi kujizuia: muuza vifungo, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wazee wawili, fundi wa viatu. Wamesimama mpaka barazani. Wote wanatabasamu, wananisalimia Mheshimiwa.

Mama amerudi na kiti cha kuazima, amemwekea Sajini. Amefuta viganja kwenye gauni. Ameshusha picha ya kijana ukutani, ameipakata. Amekaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana.

Ananiambia niache kuandika, baba, nimwambie.